FJR1300 au Africa Twin kwa mtu wa Likoni anayepanda Nairobi kila mwezi na mkewe nyuma?

#1 · MwanaWaLikoni
Salaam aleikum nyote.

Mimi ni mtu wa Likoni. Kazi yangu hunipandisha Nairobi mara moja kila mwezi, na safari nyingi mke wangu huwa nyuma kwa sababu wazazi wake wako Machakos. Miaka sita njia hii nimeifanya na pikipiki ya 250. Haijawahi kuniacha njiani, lakini tukifika Mtito Andei mwenzangu hushuka ameshika kiuno, na mimi vidole vya mkono wa kulia havina hisia.

Sasa pesa imetimia ya moja kati ya mbili hizi, zote mtumba na bei zinakaribiana: Yamaha FJR1300 ya 2010 au Honda Africa Twin CRF1000L ya 2017. Nimezikalia zote. FJR ni jahazi: pana, zito, unakaa ndani yake si juu yake. Africa Twin ni ngamia: ndefu, nyembamba mapajani, unaona juu ya mapaa ya matatu. Urefu wangu ni futi tano na inchi saba. Kwenye jahazi nyayo zangu zote mbili zinatua chini. Kwenye ngamia natua kwa vidole.

Kuna rafiki yangu anasema kununua jahazi la lami Kenya hii ni sawa na kununua kitanda kisha ukalala sakafuni. Neno hilo limeniharibia usingizi. Naomba walioziendesha, si waliozitazama mtandaoni.

#2 · LamiTupu
Chukua FJR. Nna ya 2008, huu mwaka wa tano. Shafti ndiyo inayozungusha gurudumu la nyuma, huna habari ya cheni. Tangi lita 25. Natoka Tudor baada ya swala ya alfajiri, nafika Nairobi bila kutia mafuta. Kioo cha mbele kinapanda na kushuka kwa kitufe, kwa hiyo mvua ya Mackinnon Road inapita juu ya helmeti na kifua kinabaki kikavu. Ukiwa gia ya sita, mia na kumi, injini inanong'ona tu. Huyo rafiki yako hajawahi kulala kitandani.

#3 · VumbiLaBamba
Barabara ya Nairobi huichagulii pikipiki kwa sababu ya lami. Unaichagulia kwa sababu ya ukingo wa lami.

Nieleze. Uko Taru, unakwenda zako mia. Mbele yako trela nne zinashuka Mombasa, na nyuma ya trela ya nne basi linachomoza kukupita uso kwa uso. Dereva amekuona vizuri sana, anakuwashia taa uondoke. Una sekunde mbili, tatu. Kwenda kushoto ndiyo nafasi pekee, na kushoto pale lami imekatika kama ngazi, chini yake ni changarawe na vipande vya tairi za malori. Africa Twin ina gurudumu la mbele la inchi 21 na shokabu zenye mwendo wa sentimita 23 mbele. Inashuka, inapiga mguno, unaendelea. FJR mwendo wake ni kama sentimita 13 na gurudumu la inchi 17. Limenitokea mara mbili kwa miaka mitatu. Mara zote nilikuwa juu ya ngamia, na ndiyo sababu leo naandika.

#4 · KaratasiNaKalamu
LamiTupu, kwa heshima, turekebishe mawili. FJR ya 2008 ina gia tano. Ya sita ilikuja na toleo la 2016. La pili, Mombasa mpaka Nairobi ni kama kilomita 485. FJR yenye watu wawili na masanduku, kwa kasi unayoitaja, itakupa kilomita 17 au 18 kwa lita. Mara 25 haifiki hata 460. Africa Twin tangi ni lita 18.8, kwa kilomita 20 kwa lita ni kama 375. Yaani zote mbili lazima zisimame. Tofauti ni usimame mji gani.

#5 · LamiTupu
Gia tano, kweli, nimeteleza. Na mafuta natia Emali, taa ikiwa imewaka. Lakini kuwa na taa Emali si sawa na kuwa na taa Kibwezi.

#6 · BodaMtongwe
Mimi na Boxer 150 nilitoka Mtongwe nikafika Busia kwa siku tatu, mizigo na jiko la gesi dogo nyuma. Mnabishana kuhusu injini ya lita nzima na zaidi. Hongera kwa mwenye pesa yake.

#7 · FundiBondeni
Ngojeni niseme la ufundi kwanza, mambo ya mabasi mtaendelea.

Kwetu hapa pikipiki haiuliwi na barabara, inauliwa na hewa. Ukikaa Likoni, Nyali, Shanzu, usiku upepo unatoka baharini na chumvi yake. Asubuhi pitisha kidole juu ya tangi kisha ulambe, utaamini. Cheni ya Africa Twin ukiiacha siku mbili bila mafuta baada ya mvua, pembeni inaanza kuota rangi ya karoti. Spoki nazo, pale zinapoingia kwenye rimu, ndipo kutu huanza. FJR rimu zake ni za aluminiamu iliyomiminwa, hazina spoki, na shafti imefunikwa. Kwa mtu wa pwani hilo ni jambo kubwa.

Lakini shafti si ndoa isiyohitaji matunzo. Kila ukibadilisha tairi la nyuma, mwambie fundi avute shafti apake girisi meno yake. Wengi hawafanyi. Meno yakilika, hakuna sproketi ya bei nafuu ya kununua hapa karibu, utatafuta shafti nzima.

Na jambo lililoniuma mwaka huu: mteja wangu mmoja, mtu msafi sana, kila Ijumaa alikuwa anaosha pikipiki yake. Baada ya miezi minane rejeta imepauka, skrubu za breki zimeganda, plagi za waya zina unga wa kijani ndani. Akaniuliza amekosea wapi. Nikamuuliza anaosha na maji gani. Ya kisima cha nyumbani kwake. Nikachota kidogo kwenye kifuniko cha plastiki, nikayaanika juani pale karakana mpaka yakakauka, nikamwonyesha ukoko mweupe uliobaki. Alikuwa anaipaka chumvi kwa mkono wake mwenyewe kila wiki. Pikipiki oshea maji ya mvua, au nunua mtungi mmoja wa maji matamu kwa mwenye mkokoteni. Mtungi mmoja ukiwa na kitambaa unatosha.

#8 · BintiKisauni
Fundi, hilo la kisima nashukuru, naenda kuonja maji yetu leo leo.

MwanaWaLikoni, wewe ni mtu wa feri na bado hakuna aliyeitaja feri. Mimi ni futi tano na inchi tatu, naendesha CB500X, na ng'ambo kuna shangazi yangu kwa hiyo navuka kila wiki. Ile sahani ya chuma ya kuingilia ikishalowa maji ya bahari na mafuta ya magari, soli ya kiatu haishiki. Unasimama katikati ya mteremko, mbele mkokoteni wa ndizi, nyuma tuktuk, watu wanakupita pande zote, mguu mmoja ndio nguzo yako. Nimeona mwanamume mkubwa, mwenye kifua, pikipiki yake ndefu imemlalia pale pale kwa sababu kidole cha mguu kiliteleza sentimita tano tu. Hakuwa na kosa. Pikipiki ndefu ikishapita pembe fulani haibembelezeki.

FJR ina kilo karibu 290 ikiwa imejaa, Africa Twin 230 na kitu. Wengi watakwambia nyepesi ndiyo rahisi. Kwenye feri si hivyo. Kilo 290 zilizo chini, na wewe nyayo mbili chini, ni salama kuliko kilo 230 zilizo juu na wewe umesimama kama mcheza ngoma.

Halafu hukusema hiyo Africa Twin ni ya klachi ama ile inayojibadilishia gia yenyewe. Ile ya pili inazidi kama kilo kumi.

#9 · MwanaWaLikoni
Dada BintiKisauni, ni ya klachi. Na feri umenena, lakini tangu Dongo Kundu ifunguke mpaka upande wa pili, safari ya Nairobi natokea Miritini moja kwa moja. Mjini nitaendelea na ile 250.

Fundi, maji yetu ni ya kisima. Nimenyamaza.

#10 · JuaLaChangamwe
FJR inachoma miguu. Foleni ya Changamwe saa nane mchana, feni inawaka, joto lote la mitungi minne ya injini linakuja kwenye magoti. Niliendesha ya rafiki yangu kutoka Jomvu hadi Makupa, nikashuka suruali inanuka kama imepigwa pasi. Hewa ya hapa ni nyuzi 32 na unyevu juu yake. Pikipiki ile imetengenezwa kwa watu wa baridi.

#11 · LamiTupu
Ya mwaka gani?

#12 · JuaLaChangamwe
2004.

#13 · LamiTupu
Ndiyo hapo. Za mwanzo zilikuwa na sifa hiyo na Yamaha wenyewe waliibadilisha bodi kwenye toleo la 2006 ili joto litupwe mbali na mpandaji. Ya mwenzetu ni 2010. Joto lipo, siwezi kudanganya, lakini si pasi.

#14 · MtaitaVoi
Nimeingia kwa sababu Africa Twin ya 2017 ndiyo niliyonayo, na kuna jambo lazima mwenye uzi alijue kabla hajatoa pesa.

Julai mwaka jana nilitoka Mombasa peke yangu, masanduku matatu yamejaa, vitabu vya shule vya watoto na vyombo. Nimepita Maungu, barabara imenyooka, kasi mia na tano. Usukani ukaanza kucheza taratibu, kushoto, kulia, kama mtu anayepepeta mchele. Kisha mtikisiko ukahamia pikipiki nzima, nyuma ikawa inaenda kwake. Sikugusa breki. Nikalegeza mkono, nikalibana tangi kwa magoti, ikatulia kwenye tisini. Nikasema labda ni mimi. Nikaongeza tena. Ilipofika mia ikaanza upya.

Voi nilikagua kila kitu. Upepo wa tairi sawasawa na kibandiko. Spoki niligonga moja moja kwa spana, zote zinalia sauti moja. Mpaka leo sijui ilikuwa nini.

#15 · VumbiLaBamba
Sanduku la juu. Vitabu ni vizito, na sanduku lile liko nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, kwa hiyo linaning'iniza nyuma na kuinua mbele. Gurudumu la mbele likipungukiwa uzito linaanza kutafuta njia. Ndiyo maana masanduku mengi yanakuja na kibandiko cha kasi ya mwisho ndani ya kifuniko, ila hakuna anayekisoma. Vitabu vingekwenda chini pembeni, nguo juu.

#16 · NahodhaWaKale
Kijana wangu wa Voi, mimi si mtu wa pikipiki sana, nna moja ya kuendea shamba. Lakini upepo naujua, nimekula chumvi yake miaka arubaini.

Barabara yenu kutoka hapa inaelekea kaskazini-magharibi. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki, yaani inakupiga ubavu wa kulia moja kwa moja, Desemba mpaka Machi. Hiyo unaijua, unaegemea tu, kama tanga. Lakini wewe unasema Julai. Julai ni kusi. Kusi inakujia kwa nyuma, kando ya kushoto. Na baharini upepo wa nyuma-ubavuni ndio unaochosha mshika usukani kuliko wote, kwa sababu chombo kinasukumwa matako na kichwa kinataka kugeuka. Na wewe ulikuwa na masanduku matatu. Hayo ni matanga.

#17 · MtaitaVoi
Mzee wangu, shikamoo. Maelezo nimeyapenda kuliko yote. Ila ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, na nakumbuka vizuri moshi wa mtu aliyekuwa anachoma mkaa kando ya barabara ulikuwa unapanda wima. Upepo haukuwepo.

#18 · FundiBondeni
Mzee Nahodha nakuheshimu, lakini pikipiki haina mkuku. Hiyo ni golori za shingo ya usukani. MtaitaVoi, simamisha pikipiki, inua mbele, zungusha usukani polepole kutoka kushoto. Ukifika katikati, je, kuna mahali panashika kidogo, kama kijishimo? Pikipiki ikienda moja kwa moja miaka, golori zinachimba mahali pamoja.

#19 · MtaitaVoi
Hakuna kijishimo. Nilikagua.

#20 · FundiBondeni
Ulikagua kwa jicho au kwa kidole?

#21 · MtaitaVoi
Kwa kidole, fundi. Na kulikuwa na mwenzako wa hapa Voi tukikagua pamoja.

#22 · KaratasiNaKalamu
Mimi nadhani barabara. Malori yakiwa na mizigo mizito na lami ikiwa moto, magurudumu yanachimba mifereji miwili. Kutoka Mazeras hadi kupita mizani ya Mariakani unaiona kwa macho, hasa pale malori yanapopanda kwa gia ndogo. Gurudumu jembamba la mbele likiingia kwenye kingo za mfereji linavutwa huku na huku.

#23 · LamiTupu
Na mbona mnaiogopa tairi yenyewe? MtaitaVoi, ulikuwa umevaa tairi gani? Zile za meno makubwa?

#24 · MtaitaVoi
Nusu lami nusu vumbi, ndiyo, zenye vitalu vikubwa. Baadaye nilivaa za lami na mtikisiko sijauona tena. Lakini tangu hapo sijabeba masanduku matatu yakiwa yamejaa, kwa hiyo siwezi kuapa ni tairi. Na KaratasiNaKalamu, pale nilipokuwa hakuna mfereji, ni bapa.

#25 · LamiTupu
FJR haina hadithi kama hizi. Naweka hapo.

#26 · VumbiLaBamba
FJR ikiwa na sanduku la juu lililojaa vitabu nayo itapepeta mchele, usidanganye watu. Sanduku halijui limefungwa kwenye pikipiki ya nani.

#27 · TangaRaha
Wakuu habari za jioni, salamu kutoka ng'ambo ya Horohoro.

Mkuu mwenye uzi hakusema kama anakuja upande wetu. Kama anakuja, Lunga Lunga mpaka Tanga mjini lami ni nzuri, FJR itakuwa inaimba. Chukua kadi ya pikipiki yenye jina lako na bima ya kadi ya njano ya COMESA, mpakani hutakaa sana. Tatizo linaanza ukitaka kuona nchi. Mombo kupanda Lushoto ni kama kilomita 33, lami, kona baada ya kona, maporomoko ya maji kando, jahazi litafurahi. Ukipita Lushoto kwenda Mtae ni udongo mwekundu, na mvua ikinyesha ule udongo unakuwa sabuni. Amani kule Muheza vile vile. Nimeongozana na Wakenya wawili wenye pikipiki za lami, tukaziacha Lushoto wakapanda nyuma ya bodaboda. Walifurahi, lakini walikuwa abiria.

#28 · MwanaWaLikoni
TangaRaha ahsante, Lushoto ipo kwenye ndoto. Mke wangu alisoma shule na binti wa huko.

#29 · PwaniMpakaMoyale
Vumbi siku hizi unalitafuta kwa tochi. Isiolo, Marsabit mpaka Moyale ni lami tupu, kilomita mia tano. Voi kwenda Taveta lami. Malindi, Garsen, Witu mpaka Mokowe lami. Mariakani, Kaloleni, mpaka Mavueni lami. Mtu wa kawaida ngamia wake atampeleka wapi?

#30 · VumbiLaBamba
Loiyangalani. Umewahi kufika? Mawe meusi ya volkano, ukubwa wa nazi, kilomita baada ya kilomita, na ziwa Turkana linakungoja chini rangi ya jani. Jahazi halifiki pale.

#31 · PwaniMpakaMoyale
Swali ni mara ngapi. Mwenzetu ameandika Nairobi kila mwezi. Safari kumi na mbili za lami kwa mwaka, na Loiyangalani moja kwa maisha.

#32 · KijanaWaMajengo
Africa Twin ilishinda mbio za Dakar mara nne, mambo ya Honda hayo. Pikipiki iliyovuka Sahara itashindwa na Mombasa Road?

#33 · KaratasiNaKalamu
Iliyoshinda ni NXR750, pikipiki ya kiwanda iliyotengenezwa kwa mashindano, 1986 hadi 1989. Africa Twin ya dukani, XRV650, ilitoka 1988 ikibeba sura na fikra za ile. Ikawa 750 mwaka 1990, ikasimamishwa 2003, na hii ya 1000 ikaja 2016. Ni jamaa, lakini si yule yule. Na mshindi wa kwanza kabisa wa Dakar kwa pikipiki, 1979, alikuwa Cyril Neveu juu ya Yamaha XT500, mtungi mmoja.

#34 · LamiTupu
Yamaha! Nimeisoma mara mbili kwa furaha.

#35 · BodaMtongwe
Mtungi mmoja. Kama Boxer.

#36 · KijanaWaMajengo
Nimekubali. Lakini kama ni starehe ya mama, mbona hakuna aliyemtajia Gold Wing? Mitungi sita, ina gia ya kurudi nyuma.

#37 · FundiBondeni
Gold Wing ya 1800 ina zaidi ya kilo 360. Nimewahi kuipokea moja hapa Bondeni kwa ajili ya betri. Tulikuwa watu watatu kuigeuza kichochoroni, kwa kuwa betri imekufa na gia ya kurudi nyuma inategemea betri. Ni pikipiki tukufu. Lakini mwenzetu ana chaguo mbili tayari, tusimwongezee la tatu.

#38 · TairiBovu
Nilikuwa nasoma kimya ila pancha haijatajwa na mimi ndiyo iliyonifanya niuze Africa Twin yangu.

CRF1000L ina tyubu. Mtu akikwambia ni jambo dogo, muulize amewahi kupata pancha ya nyuma kati ya Samburu na Taru saa sita mchana. Mimi nilipata. Mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole cha shahada, umepita katikati ya meno ya tairi. Tairi lisilo na tyubu ningelitia kiraka cha kamba kwa nje, dakika kumi, nimeondoka. Mimi ilibidi nitoe gurudumu zima. Stendi ya kati haikuwepo, iliuzwa kando na mwenye kuniuzia hakuwa nayo. Nikasukuma mpaka kwenye mti, vijana wawili waliokuwa wanachunga mbuzi wakanisaidia kuilaza juu ya jiwe na mfuko wa mchanga. Nati ya ekseli imekazwa na mtu mwenye hasira, spana yangu ni fupi. Kijana mmoja akapanda juu ya spana kwa miguu yote miwili akaruka. Ikafunguka. Tukamtuma mwenzake na boda mpaka Samburu na gurudumu mapajani. Fundi wa huko akalitumbukiza kwenye karai, povu likatoka mahali pawili, si pamoja, kwa sababu nilitembea nalo likiwa limekufa na tyubu ikabanwa. Saa nne na nusu kwa mwiba mmoja. Wale vijana Mungu awabariki, hawakutaka hata pesa, waliomba maji.

MwanaWaLikoni, jiweke pale na mke wako juani.

#39 · VumbiLaBamba
Hapo sina jibu zuri. Tyubu ni kweli. Kuna wanaopeleka rimu zikafungwa kwa ndani zikawa hazihitaji tyubu, lakini kama kazi si safi upepo unavuja pale kwenye spoki. Mimi natembea na tyubu mbili, vyuma vitatu vya kutolea tairi na spana ndefu, na nimejizoeza nyumbani. Kilo nne za vyuma ambazo mwenye FJR habebi.

#40 · MtaitaVoi
Na ukipata pancha upande wetu jioni, usianze kutengeneza. Kati ya Maungu na Voi barabara inapita kando ya Tsavo Mashariki, na ndovu wanavuka gizani. Sogea mpaka kwenye watu hata kama unaharibu tairi. Juzi kuna mtu aliniuliza kama anaweza kukata kutoka Malindi kwa lango la Sala atokee Voi. Pikipiki haziingizwi mbugani, ndefu wala fupi.

#41 · BintiKisauni
Jamani, pikipiki ni ya watu wawili na tumesikia mmoja. Shemeji yetu amesemaje? Ndiye atakayekaa kilomita 485 bila usukani wa kushika.

#42 · MwanaWaLikoni
Nimempa simu asome uzi wote jana usiku. Amesoma mpaka mwisho, mengine amenisomea kwa sauti. Amesema haya, naandika kama alivyosema.

Kwenye FJR anakaa kama yuko kwenye kiti, magoti hayajakunjwa sana, upepo haumpigi. Lakini haoni mbele, anaona mgongo wangu tu, na asipoona mbele kila breki inamshtua. Kwenye Africa Twin anaona barabara yote, basi analiona kabla yangu na ananigusa bega. Ila kiti chake ni chembamba na anahisi anateleza kuja kwangu kila tukishuka mlima. Hadithi ya basi la Taru imemtia hofu. Hadithi ya mwiba imemkasirisha. Amesema kama ni lazima achague hofu au hasira, anachagua hasira.

#43 · VumbiLaBamba
Shemeji ana akili. Mlete kwenye uzi.

#44 · LamiTupu
Hasira ya saa nne na nusu juani? Mwambie aje apande FJR yangu, na bibi yangu ampe habari. Jumamosi nipo Mama Ngina jioni, njooni wote wawili mzunguke nayo mpaka Nyali na kurudi. Kioo nitakipandisha juu kabisa.

#45 · MwanaWaLikoni
Jumamosi tunakuja, inshallah. Mwenye Africa Twin naye amekubali niichukue Jumapili asubuhi mpaka Mariakani na mke nyuma. Nitatafuta ukingo wa lami niushuke polepole, nione inasemaje.

#46 · FundiBondeni
Ukiichukua Jumapili, kabla hujaondoka inua mbele uzungushe usukani. Kwa kidole.

#47 · NahodhaWaKale
Na uangalie bendera za pale Kilindini unapopita, kisha uniambie upepo ulikuwa wapi.

#48 · BintiKisauni
Kile kiti chembamba cha nyuma kinarekebishika. Changu kilipanuliwa na mshona viti wa magari, akaongeza sponji ngumu pembeni na kitambaa kisichoteleza, kazi ya siku mbili. Kama shemeji atachagua hasira, nitamwelekeza. Yuko Kongowea, nyuma ya soko, upande wa wauza nazi.

#49 · TairiBovu
Dada, huyo mshona viti anashona na mikoba ya kubebea tyubu?

#50 · BintiKisauni
Sijamuuliza. Kesho napita huko, nitamuuliza.